Atakayempeleka Mama Tanga

Rosettenville, Johannesburg
3 Agosti 2025

Mdogo wangu Suhaib,

Assalaam alaikum. Sisi huku tupo, pumzi zinatoka na kuingia, na baridi ya mwaka huu imeamua kutujua kwa majina. Shemeji yako Bakiri anakusalimu. Huu kwake ni msimu mbaya, maana nani atamwita fundi friji wakati nyumba nzima ni friji? Nasra mwakani anaingia matric, darasa la mwisho la sekondari huku. Kiswahili ninachomgombeza nacho anakielewa chote, lakini majibu ni Kiingereza, na akikasirika sana, Kizulu.

Barua hii anakuja nayo Khatibu, yule Mzanzibari mwenye duka la mapazia hapa mtaani. Anakwenda Guangzhou kununua mzigo, akifika ataituma Beijing. Jibu lako nawe mpelekee hotelini kwake. Nimeona niandike kwa sababu simu hazitufai. Nusu ya muda tunaulizana unanisikia, nusu nyingine Mama yuko kando yangu na siwezi kusema kitu.

Habari yenyewe ni ya Mama. Hii ni baridi yake ya tatu hapa tangu Baba afariki nikamleta. Sukari imeshuka machoni. Jicho la kulia ni giza, la kushoto ni ukungu. Kuna siku ananiita vizuri, kuna siku Nasra anakuwa mimi na mimi nakuwa marehemu bibi. Jambo moja tu halimpotei: anataka kwenda kwao. Kila asubuhi anakunja kanga zake, anazitia kwenye mfuko, anavaa viatu na kukaa sebuleni kama mtu aliyeambiwa gari liko njiani. Nikimwambia, "Mama, vua viatu upumzike," ananijibu, "Mimi sizikwi kwenye baridi hii."

Mama mdogo yupo pale nyumbani Chumbageni, amekubali kumpokea. Kinachokosekana ni wa kumpeleka. Peke yake hawezi, hata choo cha ndege hatakiona. Bakiri na mimi unazijua karatasi zetu. Kibali changu kimeisha zamani, nimeomba upya, kila nikienda naambiwa nirudi. Nikitoka hivi hivi, kurudi ni shida.

Wewe ndiye mwenye pasipoti safi. Njoo umchukue, Suhaib. Wiki moja tu inatosha.

Dada yako,
Tabia


Beijing
30 Agosti 2025

Dada Tabia,

Shikamoo. Barua yako imenifikia salama na nimeisoma mara nyingi. Huku joto bado halijaondoka. Afya yangu nzuri, ila usingizi ni wa kuibia. Msalimie sana shemeji, na mwambie Nasra mjomba wake naye alikuwa akigombezwa kwa Kiswahili hicho hicho.

Huwa unaniuliza kazi yangu hasa ni nini, na mimi huwa nakujibu "ya ofisini". Nikueleze leo. Kampuni yetu si ya serikali. Waliianzisha wahandisi wachache walioacha kazi zao za zamani, na inaishi kwa fedha za watu wanaoiamini. Inatengeneza roketi za kupeleka satelaiti juu. Kwa kawaida roketi ikirushwa ndiyo basi, chuma chote kile na injini zake vinaanguka na kupotea. Fikiria mtu anayenunua basi jipya kwa kila safari. Sisi tunataka sehemu ya chini, ile yenye injini, ikishamaliza kusukuma igeuke, irudi, itue kwa miguu yake, ijazwe mafuta na irushwe tena. Ikiwezekana, bei ya kwenda juu itaanguka, na hata nchi kama zetu zitapeleka vyao.

Mimi siwashi injini. Kazi yangu ni maneno. Wenye fedha wa nje wakija, mimi ndiye ninayewaeleza kwa lugha wanayoielewa kwa nini wasubiri.

Sasa kuhusu Mama. Tunarusha mwezi wa Oktoba, kwa mara ya kwanza. Mpaka hapo kampuni imezishika pasipoti za wote tulio kwenye mradi, hakuna anayetoka nje ya nchi. Roketi ikiruka tu, nakuja. Juzi nilipopiga simu nilimwambia Mama mwenyewe: "Nisubiri, nitakuja mimi nikuchukue." Alifurahi sana. Alinitambua sauti.

Nivumilieni kidogo.

Mdogo wako,
Suhaib


Rosettenville
12 Oktoba 2025

Mdogo wangu,

Salaam nyingi. Miti ya maua ya zambarau imeanza kuchanua, ukipita mitaa ya juu kule utadhani mji una arusi. Nasra anafanya mitihani. Bakiri amepata kazi ya mafriji ya bucha moja la Mreno, kwa hiyo uso umekunjuka.

Tangu umwambie Mama maneno yale, mtaa mzima unajua. Amemwambia muuza mikate, amemwambia Msomali wa spaza, kiduka cha mtaani, amemwambia jirani yetu Victorine yule Mrundi: "Mwanangu anakuja kutoka China kunichukua." Victorine huwa anamjibu, "Eish, Bibi, na mimi uniache na nani?" wanacheka wote wawili.

Lakini sasa viatu havui kabisa. Zamani ilikuwa asubuhi, siku hizi mpaka anapolala. Anaogopa utakuja umkute hayuko tayari. Vimemfanya kidonda kidogo kidoleni, mguu wa kushoto. Victorine anakiosha kwa maji ya chumvi. Nitampeleka kliniki.

Oktoba imefika katikati. Sijasikia kitu kimeruka. Khatibu anasafiri kesho, ndiyo maana nimeandika haraka haraka.

Tabia


Jangwani, kaskazini-magharibi mwa China
21 Novemba 2025

Dada,

Shikamoo. Naandika kwenye chumba cha bati, nje upepo unatupa mchanga dirishani. Tuko hapa kwenye uwanja wa kurushia tangu mwisho wa Oktoba. Kwanza ilikuwa upepo. Halafu valvu moja ikavuja, ikabidi roketi ishushwe na kulazwa. Halafu ruhusa ya anga ikaahirishwa. Wageni waliokuja kutazama wamerudi kwao, wengine wamebaki wananitazama mimi kana kwamba mimi ndiye upepo.

Watu wamechoka, Dada. Kuna mhandisi mmoja alisinzia amesimama, na bakuli la tambi mkononi. Hakuna aliyemcheka.

Kidonda cha Mama usikichezee. Mpeleke kliniki mapema, hospitali za huko zina dawa nzuri. Mwambie bado kidogo.

Suhaib


Beijing
15 Desemba 2025

Dada Tabia,

Shikamoo. Sijapata barua yako, na simuni unasema "wazima" kisha unakata. Nadhani Khatibu hajasafiri.

Tulirusha. Huenda uliona habari. Ilipanda vizuri, na ile sehemu ya juu ikafika ilikotakiwa kufika na satelaiti zikaachiwa. Watu walikumbatiana. Mimi nilikuwa kwenye hema la wageni, nawaambia kwa Kiingereza, "Sasa tazameni, inarudi."

Na kweli ilirudi. Tuliiona ikishuka, nyeusi, ndogo, moja kwa moja kuelekea uwanja wa kutua. Injini zikawaka. Kisha ubavuni ukatokea moto mahali ambapo haukutakiwa kuwepo. Haikusimama. Ilianguka kando ya uwanja, sauti ikatufikia baadaye, na moshi ukabaki palepale kwa sababu siku hiyo, baada ya miezi ya upepo, upepo haukuwepo.

Bosi wangu akanivuta kando. "Andika," akaniambia. "Andika nini?" "Andika kwamba tumefanikiwa." Nikaandika. Niliandika kwamba lengo kuu limetimia na kwamba takwimu tulizopata zinatosha kwa jaribio lijalo. Si uongo, Dada. Kila neno lina ushahidi. Lakini nilipomaliza niliangalia mikono yangu kama ya mtu mwingine.

Sasa wenye fedha wanauliza maswali, na kampuni iko mbioni kuingia soko la hisa. Nimeombwa nisiondoke mpaka maswali yaishe. Januari sidhani. Tuseme baada ya mwaka mpya wa Kichina.

Mama anaendeleaje?

Suhaib


Rosettenville
18 Januari 2026

Mdogo wangu Suhaib,

Marahaba. Nasra amefaulu, ameingia matric, amejinunulia kalamu nne za rangi kama mtoto. Bakiri mzima. Mvua zinanyesha na radi za mji huu unazijua.

Pole kwa roketi. Niliitazama kwenye simu ya Nasra. Nimeona kazi yenu, na nimeona ilivyoanguka. Pole sana, wala sisemi kwa kejeli.

Umeuliza Mama anaendeleaje. Sikukuandikia muda wote ule kwa sababu sikujua niandike vipi. Oktoba, baada ya barua yangu, nilimpeleka kliniki. Getini walisimama watu, si wafanyakazi wa kliniki, watu tu wa mitaani wenye fimbo na fulana za aina moja. Wanauliza kitambulisho, mgeni hapiti. Mwanamke mmoja, umri wangu, akamtazama Mama kwenye kiti cha magurudumu tulichoazima akasema, "Gogo," yaani bibi kwa Kizulu, "nenda ukatibiwe kwenu." Mama akaniuliza, "Anasemaje?" Nikamwambia, "Anasema kwenda kwenu ni vizuri." Mama akamjibu kwa Kiswahili, akitabasamu, "Mwanangu anakuja kunichukua, mama, ahsante."

Tukageuza kiti. Tulikwenda tena wiki iliyofuata, wakawa wapo. Victorine akaendelea kuosha. Mpaka tunapata daktari wa kulipia kule Mayfair, kidole kilikuwa kimeshakuwa cheusi. Wamekata vidole viwili. Kidonda kimepona, alhamdulillah, lakini viatu vyake haviingii tena. Anakaa sebuleni na soksi.

Kitu kingine. Khatibu ni mtu mwema na hana siri, anakusifu kwa kila mteja. Amesema alikukuta hotelini Guangzhou mwezi wa kumi, kwenye maonyesho, umevaa suti ya kijivu, uko na wakubwa zako. Amesema mlikuwa mmetoka Dubai siku mbili kabla, kuonana na Waarabu wenye fedha. "Mdogo wako amekuwa mtu mkubwa," akaniambia. "Amependeza."

Nimefurahi kwamba umependeza.

Nimemwomba Nasra anionyeshe Dubai kwenye ramani. Iko karibu kuliko nilivyodhani. Sikuulizi kitu, Suhaib. Nimechoka kuuliza.

Tabia


Beijing
9 Februari 2026

Dada yangu,

Shikamoo. Ramadhani iko mlangoni, Mungu atufikishe. Nimekaa na barua yako hii siku nyingi kabla ya kuthubutu kuijibu.

Ni kweli nilikwenda Dubai. Pasipoti yangu iko kwenye droo ya meza hii ninayoandikia. Hakuna aliyeishika.

Nilitaka kukuandikia sababu kama ninavyowaandikia wale. Nimeziandika, zimejaa ukurasa, nimechana. Sababu ni kwamba kila mara nilipotaka kukata tiketi, palikuwa na mtu ananiambia bila wewe hatuwezi, na mimi nikapenda kuambiwa hivyo. Na ya pili ni kwamba naogopa. Mazishi ya Baba sikuyawahi. Mama naye nimezoea kumwacha simuni, sauti ile ile ya zamani. Naogopa kuja nikasimama mbele yake asinijue.

Sikujua habari ya vidole. Sikujua habari ya getini. Ungeniambia.

Au usingeniambia. Sijui ningefanya nini.

Jina langu liko kwenye nyaraka tulizopeleka soko la hisa, miongoni mwa watu ambao kampuni inawategemea. Jaribio la pili ni mwisho wa Machi. Nikiondoka kabla, wataulizwa kwa nini. Mei naja, Dada. Safari hii siahidi kwa mdomo, nimeshaomba ruhusa kwa maandishi. Mwambie Mama, Mei.

Suhaib


Chumbageni, Tanga
12 Aprili 2026

Mdogo wangu Suhaib,

Assalaam alaikum. Usishangae anwani. Barua hii naituma na dada mmoja wa Kariakoo anayekwenda kununua mzigo huko kwenu.

Sikumwambia Mama Mei. Katikati ya Ramadhani alianza kukataa chakula, futari yote anatazama tu. Daktari akaniambia, "Kama ni kusafiri, asafiri sasa, mguu huu sijui utamruhusu mpaka lini." Nikakaa na Bakiri. Hatukubishana. Alisema tu, "Unajua watakachokufanya uwanjani." Nikamwambia najua. Akaenda nje kutengeneza friji ambayo haikuwa na ubovu.

Sheria yao iko hivi, na sikukuandikia kwa sababu sikutaka uje kwa kunihurumia mimi. Mtu akitoka na kibali kilichoisha muda mrefu, anapigwa marufuku kurudi. Miaka mitano.

Tuliondoka wiki ya Idi. Siku yenyewe Mama aligoma. Gari liko mlangoni, yeye amekamata mkono wa kiti. "Siendi na mtu. Suhaib amesema ananichukua yeye." Tukambembeleza wote. Victorine akajaribu, Bakiri akajaribu. Muda unakwenda na ndege haimsubiri mtu. Nikainama nikamwambia, "Mama, Suhaib amefika. Yuko uwanja wa ndege, anashughulikia mizigo." Akauachia mkono wa kiti palepale. Akataka apakwe wanja.

Uwanjani, Nasra alinikumbatia akiwa na sare za shule, kwa sababu alitoka kwenye mtihani wa majaribio na anarudi kwenye mwingine. Aliniambia kwa Kiswahili, Suhaib. Chake kile kilichovunjika. "Mama, enda tu. Mimi takuja kwako." Nikamtengeneza kola ya sare.

Binti wa uhamiaji alifungua pasipoti yangu akaifunga, akaifungua tena. "Mama, unajua maana ya hii? Miaka mitano." "Najua." "Una watoto hapa?" "Mmoja." Akamtazama Mama kwenye kiti, na wanja wake umekwenda upande. Akasema taratibu, "Pole, sisi," ndivyo wanavyoita dada huko, akagonga muhuri. Hakuwa na namna nyingine, wala mimi sikuwa nayo.

Ndani ya ndege kila baada ya muda Mama ananiuliza, "Suhaib yuko wapi?" Nikamwambia, "Amekaa nyuma, Mama, viti vya mbele vimejaa." Tukashuka Dar, kwenye gari la kuja Tanga akauliza tena, nikasema yuko mbele na dereva. Dereva alinitazama kwenye kioo, akanyamaza. Kijana mstaarabu.

Tumefika. Mama mdogo alikuwa amepika na kutandika. Mama aliingizwa ndani, akapapasa ukuta wa ukumbini mpaka akakuta ule msumari wa taa ya zamani, akashusha pumzi ambayo sijapata kumsikia akiishusha Johannesburg. Tangu hapo anakula. Jioni anakaa barazani na majirani wanakuja kumjulia hali, na kila anayekuja anamwambia: "Suhaib ndiye aliyenileta. Ametoka China mpaka kule baridini kunichukua. Mtoto yule ana huruma." Wanaujua ukweli wote, maana Mama mdogo hajui kuficha. Wanamjibu, "Mungu amzidishie."

Siku za mwanzo niliumia, nikuambie wazi. Nimeacha nyumba, nimeacha mume, mwanangu atafanya mtihani wake wa mwisho bila mimi, halafu thawabu zote zako. Usiku wa tatu nilitaka kumwambia. Nikamkuta amelala na mdomo wazi kidogo, kama anacheka. Nikaacha. Sasa siumii sana. Nimechoka tu, na uchovu wa hapa angalau ni wa kulala ukaamka.

Nasra amenitumia ile video. Jaribio lenu la pili limetua. Nimeiona ikishuka na kusimama wima kwa miguu yake, vumbi likatawanyika, na watu wenu wakaruka na kulia. Hongera, mdogo wangu. Mmehangaika sana kwa lile. Nilikutafuta katikati ya wale watu, sikukuona. Labda ulikuwa unaandika.

Kama ruhusa yako ya Mei imepatikana, njoo hapa Tanga, usipitie kwingine. Chumba chako cha zamani nalala mimi, tutapanga. Hutapata lawama kwangu, sina nguvu ya kuzibeba. Hofu yako ile pia iache huko huko. Hata asipoiona sura, sauti yako anaijua.

Jambo moja tu nakuomba. Ukifika usimwangukie miguuni, usimpe salamu za mtu aliyetoka mbali, wala usimwombe radhi ya kuchelewa, utamchanganya. Ingia tu, kaa karibu naye, muulize kama amekula. Kwake yeye, hujatoka humu ndani.

Dada yako,
Tabia